Maswali ya Wasomaji: Matroni, Madaktari na Vichekesho vya Wodini

Barua tulizozichagua safari hii zote zinahusu filamu za Kiingereza za vichekesho vya hospitalini, hasa Carry On Doctor ya mwaka 1967, ambayo inaonekana imezunguka sana katika simu za wasomaji wetu. Tumezifupisha kidogo, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Shemeji yangu alinitumia filamu ya zamani iitwayo Carry On Doctor akiniahidi kwamba nitacheka hadi nitoe machozi. Kweli nilicheka, lakini mambo mengi yalinipita, kana kwamba watazamaji wengine wanawafahamu wale wahusika tangu zamani. Je, hii ni filamu inayojitegemea au ni sehemu ya mfululizo? Na kama ni mfululizo, nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, hisia yako ni sahihi. Kisa chake kinajitegemea, lakini filamu yenyewe imo katika mfululizo wa filamu 31 zilizotayarishwa na Peter Rogers na kuongozwa na Gerald Thomas katika studio za Pinewood, nje kidogo ya London. Ya kwanza, Carry On Sergeant, ilitoka mwaka 1958. Ya thelathini ilitoka mwaka 1978. Na moja ya mwisho ikaongezwa mwaka 1992, wakati waigizaji wengi wa asili walikuwa wamekwisha kufariki. Majina ya wahusika na kazi zao hubadilika kutoka filamu moja hadi nyingine, ila waigizaji ni wale wale, na ndiyo maana ulihisi kwamba wenzako wanawafahamu. Mtazamaji wa Uingereza akimwona Kenneth Williams akiingia wodini pua ikiwa juu, anajua kabla hajatamka neno kwamba huyu ni mwenye kiburi, na kwamba kabla ya filamu kwisha ataaibishwa.

Zinazohusu hospitali ni nne: Carry On Nurse ya 1959, Carry On Doctor ya 1967, Carry On Again Doctor ya 1969 na Carry On Matron ya 1972. Mizizi yake imo katika filamu nyingine ya mwaka 1954, Doctor in the House, iliyotokana na kitabu cha Richard Gordon kuhusu wanafunzi wa udaktari, ambayo iliwavutia watazamaji wa Uingereza mwaka ule kuliko filamu nyingine yoyote. Hiyo iliongozwa na Ralph Thomas, ndugu yake Gerald, na kutayarishwa na Betty Box, mke wa Peter Rogers, kwa hiyo utani wa hospitali ulikuwa kama biashara ya nyumba moja. Katika Carry On Doctor yenyewe wameweka heshima ya kimyakimya: ile picha kubwa iliyotundikwa ukumbini mwa hospitali ni ya James Robertson Justice, aliyeigiza daktari bingwa mkali katika ile filamu ya 1954.

Anza na Carry On Nurse, kisha rudia Carry On Doctor. Kuna sababu mahususi ya kufuata utaratibu huo. Katika ya kwanza yumo Kanali mmoja anayewasumbua wauguzi mchana kutwa kwa kengele yake na kamari zake za mbio za farasi. Mwishoni wauguzi wanamwambia alale kifudifudi apimwe joto kwa njia ya nyuma, kisha wanamwachia ua la dafodili mahali palipopaswa kuwa na kipimajoto, na Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, anaingia na kulikuta. Miaka minane baadaye, katika Carry On Doctor, mgonjwa anayeigizwa na Frankie Howerd anamwona muuguzi ameshika maua hayo na anagutuka, akisema kwamba filamu ile alikwisha kuiona. Asiyeiona ya kwanza hawezi kucheka hapo. Huko Marekani lile ua lilipendwa kiasi kwamba baadhi ya majumba ya sinema yaliwagawia watazamaji dafodili za plastiki.

SWALI: Mwanangu mjibu maswali, mimi ni muuguzi mstaafu. Nilifunzwa na Matroni Mwingereza ambaye tukisikia viatu vyake ukumbini hata wagonjwa walinyamaza. Wajukuu zangu wanaziangalia filamu hizi na kucheka sana, nami hucheka kidogo, kisha hujiuliza: je, hii si dharau kwa kazi yetu? Na wao Waingereza, kweli Matroni wao walikuwa hivyo, au wametia chumvi? (Bibi wa Moshi)

JIBU: Shikamoo Bibi. Chumvi imetiwa, lakini chakula kilikuwepo. Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ilianza tarehe 5 Julai 1948, chini ya waziri Aneurin Bevan, na kuanzia siku hiyo mtu maskini na mtu tajiri waliweza kulazwa bila kulipia kitanda. Hospitali zenyewe, hata hivyo, zilikuwa ni zile zile za zamani, na nidhamu yake ilikuwa bado inafanana na ya jeshi. Matroni alitawala wauguzi wote, mabweni yao, sare zao na hata saa zao za kurudi usiku. Alipopita wodini shuka zilipaswa kunyooshwa, magurudumu ya vitanda yatazame upande mmoja, na mgonjwa mwenyewe alale kama aliyepigwa pasi. Daktari bingwa naye alipita na msafara wa vijana nyuma yake, akizungumza juu ya mgonjwa bila kuzungumza naye. Katika wodi moja ya wanaume alilazwa bondia, karani, mwandishi wa habari na msomi, wote katika pajama, wote wakiogopa bedipani, kile chombo cha kujisaidia kitandani, na wote wakimtii mwanamke mmoja.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha filamu hizi, Bibi, na ndiyo sababu sikubali kwamba ni dharau kwa uuguzi, angalau ile ya kwanza. Ugonjwa hauchekwi, na anayeuguza hachekwi sana. Kinachochekwa ni cheo. Norman Hudis, aliyeandika mswada wa Carry On Nurse, alikuwa na mke muuguzi, na simulizi za mkewe zinasikika humo: uchovu wa mwisho wa zamu, mwanafunzi anayeharibu kila akishikacho, wagonjwa wanaopona na papo hapo kuwa watundu. Kenneth Williams anaigiza msomi anayeitwa Oliver Reckitt, anayethubutu kumbishia Matroni kuhusu kanuni zake, na watazamaji wa 1959, ambao wengi walikuwa wamelazwa katika wodi kama hizo au wamewatembelea jamaa zao humo, walimshangilia. Filamu hiyo, iliyopigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na kwa bajeti ndogo, iliingiza fedha nyingi kuliko zote katika majumba ya sinema ya Uingereza mwaka huo.

Aliyeigiza Matroni katika zote nne ni Hattie Jacques, mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti ya utulivu, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alihudumu kama muuguzi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Mtazame anavyosimama mlangoni kabla ya kuingia. Hafokei mtu. Anangoja, na wodi yote inajirekebisha yenyewe. Nadhani wewe uliyefunzwa na Matroni wa kweli utautambua ule mwendo kuliko msomaji mwingine yeyote wa safu hii. Wakati huo huo waandishi wakampa moyo unaopenda, hasa katika Carry On Doctor, ambapo anamtamani Dakta Tinkle anayeigizwa na Williams na kumkimbiza chumbani mwake kwa mahaba mazito, huku yule bwana akirudi nyuma kama kuku aliyeona kisu. Kicheko hakitokani na unene wake, ingawa kuna wanaodhani hivyo, bali na kumwona mwenye kanuni akiivunja kanuni yake mwenyewe.

Lawama yako nitaikubali kwa filamu zilizofuata. Mswada wa Doctor, Again Doctor na Matron uliandikwa na Talbot Rothwell, bingwa wa maneno yenye maana mbili kuliko Hudis, lakini asiye na sikio la wodini. Kwake yeye muuguzi kijana ni umbo linalopita huku wagonjwa wakigeuza shingo. Barbara Windsor, anayeigiza Nesi Sandra May, angalau amepewa nia yake mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayemwandama daktari. Wengine wengi hawana hata hilo.

Kwa taarifa yako, wakati filamu ya mwisho ya hospitali inatoka mwaka 1972, Matroni halisi alikuwa anaondoka. Kamati iliyoongozwa na Brian Salmon ilipendekeza mwaka 1966 kwamba uongozi wa wauguzi upangwe kwa ngazi za maofisa, na cheo cha kale kikafutika hospitali kwa hospitali. Umma uliendelea kumkumbuka, na serikali ilipoamua mwanzoni mwa karne hii kuwarudisha matroni wa aina mpya, magazeti ya Uingereza hayakuweza kuandika habari hiyo bila kumtaja Hattie Jacques.

SWALI: Mimi ni mzazi. Nimeshangaa kwamba filamu yenye maneno ya faragha namna hii ilioneshwa hadharani miaka ya sitini, nchi ambayo tuliambiwa ilikuwa na adabu nyingi. Bodi yao ya ukaguzi ilikuwa usingizini? Na je, naweza kuziangalia pamoja na watoto? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndugu mzazi, bodi ilikuwa macho, tena macho mawili. Bodi ya Ukaguzi wa Filamu ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1912 na wenye biashara ya filamu wenyewe, wala si serikali, ili kuepusha kila halmashauri ya mji kukata filamu kwa kanuni zake. Katika miaka unayoitaja katibu wake alikuwa John Trevelyan, aliyeshika kazi hiyo kuanzia 1958 hadi 1971, na watayarishaji walizoea kumpelekea miswada kabla ya kupiga picha. Kinachoonekana kama ulegevu ni matokeo ya kubishaniwa kwa neno na kwa tendo.

Ufundi ulikuwa katika kusema jambo ambalo, likisomwa karatasini, halina kosa. Muuguzi anamwambia mgonjwa avue suruali: hilo ni agizo la hospitali. Daktari anasema anataka kulichunguza tatizo kwa undani: hiyo ni kazi yake. Hospitali ndiyo mahali pekee ambapo mtu mzima, mbele ya wageni, huvuliwa nguo, huogeshwa, huulizwa habari za choo na kuguswa kila mahali kwa idhini ya sheria, kwa hiyo mwandishi wa mizaha hana haja ya kutafuta kisingizio. Mkaguzi akilalamika anaulizwa: bwana, kwani wewe umefikiria nini? Msomaji wa pwani anayejua namna mpasho wa taarabu unavyoweza kumchoma jirani bila kumtaja jina, na bila neno moja la kumpeleka mwimbaji kwa mjumbe, ataelewa mara moja.

Waingereza nao hawakuanzia kwenye filamu. Nyuma yake kulikuwa na majumba ya burudani za nyimbo na vichekesho, na kulikuwa na kadi za posta za mahali pa mapumziko pwani, zenye madaktari, wagonjwa na wake wanene, zilizochorwa na watu kama Donald McGill. Ukidhani kwamba hatari ilikuwa ndogo, kumbuka kwamba McGill alishtakiwa mjini Lincoln mwaka 1954 kwa sheria ya machapisho machafu na akatozwa faini ya pauni 50 pamoja na gharama. Miaka mitano tu baadaye taifa zima lilikuwa likilicheka lile ua la dafodili.

Kuhusu watoto, Carry On Nurse haina cha kumdhuru mtoto mkubwa, kwa kuwa asichokielewa kitampita. Carry On Doctor ingefaa vijana wa sekondari. Tukio maarufu zaidi ni lile ambamo Dakta Kilmore, anayeigizwa na Jim Dale, anapanda juu ya paa la bweni la wauguzi akidhani Nesi May anataka kujirusha, kumbe bibi yule anaota jua, na mambo yanaishia kwa daktari kutumbukia dirishani ndani ya bafu la muuguzi mwingine. Again Doctor, ambamo Barbara Windsor anatokea akiwa amesitiriwa kwa vipambo vidogo tu, na Matron, ambayo inahusu genge linalotaka kuiba vidonge vya uzazi wa mpango kutoka hospitali ya wazazi, nisingeziwasha sebuleni mbele ya wakwe.

SWALI: Kwa nini mwigizaji Sid James hainuki kitandani karibu filamu yote ya Carry On Doctor? Mimi na mwenzangu tumewekeana dau. (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Mwaka ule wa 1967 Sid James alikuwa amepatwa kweli na mshtuko wa moyo, na sehemu yake, ya Charlie Roper anayejifanya mgonjwa ili asirudishwe nyumbani, iliandikwa ili aweze kuicheza akiwa amelala. Lipaneni dau kwa amani.

SWALI: Nafanya kazi katika hospitali hapa Uingereza, na katika zamu yangu wauguzi wengi ni Waafrika, Wakaribi na Waasia. Nilipoangalia filamu hizi nne nilijiuliza sisi tulikuwa wapi. Je, kweli hospitali za wakati ule zilikuwa na wauguzi weupe watupu? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Hapana, dada, na hapa filamu zinasema uongo ambao vicheko haviwezi kuuficha. Meli ya Empire Windrush ilifika Tilbury ikiwa na wahamiaji kutoka Karibi tarehe 22 Juni 1948, wiki mbili tu kabla ya huduma ya afya kuanza, na kuanzia miaka ya hamsini hospitali za Uingereza zilitafuta wauguzi Karibi, Asia na Afrika, baadhi kwa mipango rasmi kama ule wa Barbados. Wengi walisukumwa kwenye mafunzo ya daraja la chini, yaliyotoa cheti ambacho nyumbani kwao hakikutambuliwa, jambo ambalo lilijulikana baada ya miaka kupita. Kufikia 1967, hospitali kubwa ya mjini isiyo na muuguzi mweusi ingekuwa kitu cha ajabu.

Katika wodi za Carry On watu hao karibu hawapo. Again Doctor inatupeleka hata kwenye visiwa vya kubuni vya joto, vinavyoitwa Beatific, ambako daktari anatumwa kama adhabu, na wenyeji wa huko ni sehemu ya mandhari kwa ajili ya mzaha wa kikoloni uliochakaa hata wakati ule. Napenda sana filamu hizi, lakini sikubaliani na wanaozisifu kama picha ya hospitali ya Uingereza ilivyokuwa. Ni picha ya hospitali ambayo Waingereza fulani walipenda kuikumbuka. Sasa ambapo Kenya na Uingereza zilitiliana saini mwaka 2021 mkataba wa kuajiri wahudumu wa afya, sioni kwa nini mtu wa zamu yako asiandike kichekesho chenyewe, na Matroni akawa wa Nyeri.

SWALI: Sisi ni kikundi cha maigizo na tungependa kutengeneza vichekesho vya hospitalini kwa fedha kidogo. Tumesikia kwamba filamu hizi nazo zilikuwa za bei rahisi. Walifanyaje? Na kwa nini watu husema za mwisho zilikuwa mbovu? (Wasomaji, Tanga)

JIBU: Walifanya kwa haraka, karibu na studio, na kwa kuwabana waigizaji. Filamu moja ilipigwa kwa muda wa wiki sita hivi. Mwongozaji Gerald Thomas alikuwa mhariri wa picha kabla ya kuwa mwongozaji, kwa hiyo alijua kipande gani atakihitaji na hakupoteza utepe kwa vingine. Wodi ilijengwa studioni, na wodi ni mandhari ya heri kwa mtayarishaji bahili: vitanda kumi na viwili, milango miwili ya kupigana vikumbo, na kila mhusika ana sababu ya kuwa pale pale alipo. Kwa nje walitumia jengo lililo jirani. Hospitali mnayoiona katika Doctor na Again Doctor ni ukumbi wa halmashauri ya mji wa Maidenhead, maili chache kutoka Pinewood, uliobandikwa kibao.

Malipo ndiyo sehemu isiyochekesha. Nyota wa kiume kama Williams na James walipata pauni 5,000 kwa filamu, wanawake walipata kama nusu ya hizo, na kiwango hicho kilikaa miaka mingi bila kupanda. Filamu zilipoanza kurudiwa katika televisheni wiki baada ya wiki, waigizaji hawakupata chochote, kwa kuwa mikataba yao haikuwapa haki hiyo. Hilo msiige.

Ama kuhusu za mwisho, wengi hulaumu umri wa waigizaji na vifo vyao. Sid James alianguka jukwaani mjini Sunderland mwezi Aprili 1976 na akafa usiku huo, na Rothwell alikuwa ameacha kuandika mwaka 1974 kwa sababu ya afya. Hayo ni kweli, lakini naona sababu kubwa ni nyingine. Mwaka 1970 madaraja ya ukaguzi yalibadilishwa na mipaka ikalegezwa, na filamu za Uingereza zikaanza kuonesha wazi kile ambacho Carry On ilikuwa ikikizunguka kwa miaka kumi na miwili. Wao nao wakajaribu kufuata; Carry On England ya 1976 ina vifua wazi, na Carry On Emmannuelle ya 1978 ni tendo lenyewe likitajwa kila dakika. Fumbo likifumbuliwa mbele ya mkaguzi asiyekasirika, mwandishi hana tena wa kumkwepa, na waigizaji waliozoea kusema nusu ya neno na kukuachia wewe dhambi ya nusu iliyobaki walionekana kama watu waliopewa kazi ya wengine. Kwa hiyo katika mchezo wenu mpeni mgonjwa pajama, mpeni Matroni kanuni nyingi iwezekanavyo, na nguo zibaki mwilini.